Mkataba Mfupi, Penzi Fupi: Tafakuri ya Kihistoria juu ya Uhusiano Usiodumu Mjini Goma

1.0 Utangulizi

Malalamiko kwamba mapenzi ya siku hizi hayadumu yanasikika kila mahali mjini Goma: makanisani, barazani, sokoni na hata katika vyumba vya mihadhara. Wazee huwalaumu vijana kwa kuiga Ulaya. Wavulana huwalaumu wasichana kwa kupenda fedha. Wasichana nao huwalaumu wavulana kwa kukimbia wajibu. Kisha wote kwa pamoja huilaumu simu. Lawama hizi zinatofautiana kwa maneno, lakini zote zinachukulia jambo moja kuwa limekwisha kuthibitishwa, yaani kwamba uhusiano wa muda mfupi ni kitu kipya, na kwamba zamani watu walipendana wakadumu.

Makala hii inakusudia kulichunguza dai hilo kwa macho ya historia. Tutaonyesha kwamba katika Afrika ya Mashariki na Kongo ya mashariki uhusiano wa muda una umri wa karne nzima na zaidi, na kwamba urefu wake umefuata kwa karibu sana mambo mawili: urefu wa mkataba wa kazi na uthabiti wa makazi. Tutaonyesha pia kwamba kile kinachoitwa woga wa kupenda, yaani kusita kumfungulia mwenzako moyo na nyumba, si tabia iliyozuka bila sababu. Woga huo una kumbukumbu.

Wataalamu wa jamii wa Ulaya wamekwisha kuandika mengi juu ya suala hili. Anthony Giddens, katika kitabu chake cha mwaka 1992, alieleza aina ya uhusiano unaodumu kwa kadiri tu wahusika wawili wanavyoridhika nao. Zygmunt Bauman, mwaka 2003, aliyafananisha mapenzi ya zama hizi na kitu cha majimaji kisichoshika umbo. Maelezo yao yana manufaa, lakini yafaa tukumbuke kwamba waliandika wakiwa na nchi zenye pensheni, bima na mahakama zinazofikika machoni pao. Huko, mtu anaweza kuogopa kufungwa kwa sababu akiwa peke yake bado ataishi. Kwetu hali ni nyingine, na kuyahamisha maelezo hayo kama yalivyo kungetupoteza njia.

2.0 Suala la istilahi

Tuanze na lugha. Kiswahili kina maneno mengi ya mapenzi: mapenzi, mapendo, mahaba, huba, usuhuba. Hata hivyo, ukitafuta neno moja la kutaja ule ukaribu wa ndani baina ya watu wawili wanaojuana siri, miili na udhaifu, neno linalokaribia zaidi ni unyumba. Muundo wake ni dhahiri: kiambishi u- cha hali na shina nyumba. Lugha yenyewe inatufundisha kwamba ukaribu huo una mahali pake, na mahali hapo ni nyumba. Pasipo na nyumba, neno lenyewe linaanza kuyumba.

Tutazame sasa maneno yanayotaja uhusiano usio rasmi. Watu wa Goma, kama Wakongomani wengine, wanaufahamu msemo wa Kilingala yaka tofanda, maana yake “njoo tukae”. Nchini Kenya, bila ya kuazima kwa Wakongomani, watu huzungumzia ndoa ya njoo tukae. Kitenzi kofanda cha Kilingala na kitenzi kukaa cha Kiswahili vina sifa moja: vyote vinataja kuketi na vinataja kuishi mahali, na vyote havisemi kitu juu ya muda. Mtu anaweza kukaa dakika tano au miaka hamsini. Linganisha na kufunga ndoa, ambapo kitenzi kinachukua picha ya fundo. Mwenye kusema “njoo tukae” hakusema uwongo wala hakuahidi. Ameacha muda bila kutajwa, na katika kuacha huko ndimo historia yetu ilimojificha.

3.0 Nairobi: mshahara wa mtu mmoja

Mfano wa kwanza ni wa nje ya Kongo, nao umechunguzwa vizuri na mwanahistoria Luise White katika kitabu kilichotoka mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya wakoloni. Serikali ya Waingereza ilitaka nguvukazi ya wanaume bila ya familia zao. Tangu mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kubeba kipande kilichoonyesha kazi zake na waajiri wake. Mshahara ulipimwa kumtosha mtu mmoja, na makazi yalikuwa kitanda, si nyumba. Mke alitakiwa abaki kijijini, alime na kulea.

White anaonyesha kwamba katika hali hiyo zilijitokeza aina mbalimbali za biashara ya mapenzi zenye majina ya Kiswahili: watembezi, malaya na wazi-wazi. Kwa hoja yetu, aina ya malaya ndiyo yenye mafunzo makubwa. Mwanamke aliyeitwa malaya hakusimama barabarani. Alikuwa na chumba chake, hasa katika mtaa wa Pumwani, akamngojea mwanamume ndani. Alichouza si mwili peke yake. Aliuza pia maji ya kuoga, chakula, chai ya asubuhi, mazungumzo na heshima ya kuitwa bwana. Kwa maneno mengine, aliuza unyumba kwa vipande, na mwanamume mwenye mkataba wa miezi michache akanunua kipande alichokimudu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wanawake wengi kati ya hao walijiwekea akiba, wakajenga au kununua nyumba, wakawa wenye mali mjini. Hivyo uhusiano mfupi ulimpotezea mwanamume kumbukumbu ya nyumba, lakini ulimpatia mwanamke nyumba yenyewe. Anayehukumu historia hii kwa neno moja la dharau hajaisoma.

4.0 Katanga: mkataba mrefu na fundisho la mapendo

Mfano wa pili ni kinyume cha wa kwanza. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, baada ya kuona kwamba wafanyakazi wa muda mfupi walikuwa wakifa, wakitoroka na kuhitaji kufundishwa upya kila mara, iligeuza siasa yake mwishoni mwa miaka ya 1920. Ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza wafanyakazi kuja na wake zao katika kambi. Nyumba, posho ya chakula, zahanati na shule vilitolewa kwa familia.

Ni katika kambi za namna hiyo, karibu na Kolwezi, ambapo katika miaka ya 1950 ilizaliwa harakati iliyojulikana kwa jina la Jamaa. Chanzo chake kilikuwa padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, Placide Tempels, ambaye alikuwa tayari ameandika kitabu mashuhuri juu ya falsafa ya Wabantu. Johannes Fabian, aliyeichunguza harakati hiyo na kuchapisha utafiti wake mwaka 1971, anaonyesha kwamba mafundisho yake yalitolewa kwa Kiswahili na yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Waliofundishwa walikuwa mume na mke pamoja, hatua kwa hatua. Walihimizwa kuambiana mawazo yao ya ndani, kutofichana, na kuuona umoja wao kama njia ya kumfahamu Mungu.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, tukio hili ni la thamani kubwa. Hapa tunakuta wachimbaji wa shaba na wake zao wakijenga kwa lugha yetu nadharia nzima ya ukaribu wa mume na mke, miongo mingi kabla ya wataalamu wa Ulaya kuanza kulalamika juu ya kupotea kwake. Hata uteuzi wa neno mapendo una maana. Mapenzi, katika matumizi ya Kikristo, hutaja pia utashi, kama katika mapenzi ya Mungu. Mapendo hayakubeba maana hiyo ya utashi. Yalibaki kuwa kitu kinachopita baina ya watu wawili.

Tusiipambe picha kupita kiasi. Kampuni iliyotoa nyumba iliitazama nyumba hiyo pia. Maisha ya familia yalisimamiwa na mkuu wa kambi, na mwanamume aliyefukuzwa kazi alipoteza pia paa la mkewe. Kanisa nalo liliishuku Jamaa, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliiwekea masharti makali. Hata hivyo ulinganisho unabaki. Mahali ambapo mkataba ulikuwa mrefu na nyumba ilikuwapo, watu walipata nafasi ya kuufanya ukaribu kuwa jambo la kufikiriwa na kufundishwa.

5.0 Sheria na majina: wanawake “wanaoishi peke yao”

Baina ya Nairobi na Katanga kuna Kivu na Ruanda-Urundi, ambako serikali ya Wabelgiji ilijaribu kutengeneza familia ya mjini kwa sheria na kodi. Dikrii ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza ndoa mpya za wake wengi zisitambuliwe kuanzia mwaka 1951. Zaidi ya hayo, katika miji ilitozwa kodi kwa wanawake watu wazima waliohesabiwa kuwa, kwa maneno ya sheria, “kinadharia wanaishi peke yao”.

Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya mwaka 1991, ameeleza jinsi kodi hiyo ilivyozusha ghasia mjini Usumbura, Bujumbura ya leo. Katika mtaa wa Waswahili wa Buyenzi, wanawake Waislamu walipinga hadharani kuhesabiwa humo. Wajane, waliotalikiwa na wake wa pili walijikuta wote katika fungu moja, na fungu hilo lilinuka jina la malaya. Fedha ziliwauma, lakini jina liliwachoma zaidi. Mwanamke aliyeolewa jana kwa mahari na mashahidi aliambiwa leo kwamba hana mume, bali ana bwana wa kupita.

Hapa tunaona nguvu ya istilahi katika historia. Uhusiano unaweza kufanywa kuwa wa muda na ofisi, hata kama wahusika wenyewe waliukusudia kuwa wa maisha. Baada ya uhuru mchezo huo wa majina uliendelea kwa namna nyingine. Wake wa pili walizaliwa upya katika lugha ya mjini kwa jina la deuxième bureau, yaani ofisi ya pili, kama vile Tanzania ilivyopata nyumba ndogo yake. Sheria ya Familia ya Zaire ya tarehe 1 Agosti 1987 ilidai mahari, ikadai ndoa ya kimila iandikishwe serikalini, na haikuwapa wanaokaa pamoja bila ndoa haki za mume na mke. Lakini sheria hiyohiyo ilitaka kila mtoto Mkongomani awe na baba. Hivyo mtoto alipata mlango wa kuingilia katika sheria, na mama yake akabaki nje. Marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016 yaliondoa sharti la mke kupata idhini ya mumewe kwa matendo ya kisheria, jambo jema sana. Hata hivyo hayakumfikia mwanamke ambaye sheria haimtambui kuwa mke. Tanzania ilichagua njia nyingine: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaruhusu watu waliokaa pamoja kwa miaka miwili au zaidi, wakajulikana kama mume na mke, wadhaniwe kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine.

6.0 Goma: mji wa mikataba ya miezi

Tufike sasa nyumbani. Sensa ya mwaka 1984, ambayo ndiyo ya mwisho kufanyika nchini, iliukuta mji wa Goma na watu wasiofikia 80,000. Leo wanahesabiwa kuwa zaidi ya milioni moja. Ongezeko hilo halikuletwa na kiwanda wala mgodi mmoja. Lililetwa kwa sehemu kubwa na kukimbia.

Mtu aliyezaliwa hapa karibu na mwaka 1990, kama mwandishi wa makala hii, anaweza kuhesabu maisha yake kwa misiba ya mji. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia katika siku chache, na kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Mwishoni mwa 1996 kambi zilivunjwa na vita vikaanza. Agosti 1998 vita vya pili vilianza, na Goma ikawa makao ya uasi. Januari 17, 2002, Nyiragongo ilipasuka, na lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, ikawaacha watu wapatao 120,000 bila ya makazi. Novemba 2012 M23 waliingia mjini kwa mara ya kwanza. Mei 22, 2021 volkano ililipuka tena, na siku tano baadaye mitaa kumi iliamriwa kuhama. Januari 2025 mji ulitwaliwa na M23 kwa mara ya pili, na muda mfupi baadaye wakimbizi waliojazana katika kambi za pembezoni walilazimika kuondoka tena.

Tukirejea neno unyumba, tunaelewa uzito wa orodha hii. Nyumba iliyojengwa juu ya lava ya 1977 ilifunikwa na lava ya 2002. Anayeijenga upya anajua. Na anayejua hivyo hujenga kwa mbao.

Pamoja na misiba hiyo zilikuja kazi za misaada. Tangu 1994 mji wetu umekuwa kituo cha mashirika mengi, na baadaye ukawa pia kituo cha askari wa Umoja wa Mataifa, ambao hubadilishwa kila baada ya miezi. Kwa msomi wa Goma, ajira inayotamaniwa zaidi imekuwa mkataba wa miezi mitatu au sita unaotegemea mradi, na mradi unategemea mfadhili. Muundo ni uleule wa Nairobi ya 1930, ijapokuwa kompyuta imechukua nafasi ya kipande. Mwanamume mwenye mkataba wa miezi mitatu hapeleki posa. Mahari, ambayo kwa Wanande ilihesabiwa kwa mbuzi na kwa wafugaji kwa ng'ombe, sasa hutajwa kwa dola, na mkataba wa miezi mitatu haufiki hapo. Husema: njoo tukae.

Uhusiano baina ya mkataba na mwili ulijidhihirisha kwa ukatili wakati wa mlipuko wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ulioanza Agosti 2018 na kutangazwa kwisha Juni 2020. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti Septemba 2021. Ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, 21 kati yao wakiwa waajiriwa wa shirika hilo. Wanawake walieleza jinsi walivyodaiwa miili yao ili wapate kazi au wasiipoteze. Hapa hatuwezi kuzungumzia mapenzi hata kidogo. Lakini binti aliyeshuhudia hayo, au aliyesimuliwa na dada yake, ataingia katika uhusiano wake wa kwanza akiwa na swali moja: huyu anataka nini, na hadi lini?

7.0 Woga ni wa nini?

Sasa tunaweza kurudi kwenye suala la woga. Yeyote anayewafundisha vijana wa mji huu hujua kwamba hawakosi hisia. Wanaandikiana usiku kucha. Wanakumbuka tarehe. Kinachowashinda ni kusema sentensi yenye wakati ujao. Mtu huweza kumpenda mwenzake miaka minne ya masomo bila ya kumwonyesha kwao, na akiulizwa sababu hujibu kwamba bado wanaangalia hali. Ukisikiliza vizuri, unasikia kwamba kinachoogopwa hapa ni kuachwa peke yako kwenye foleni ya kambi ukiwa na mtoto mgongoni, au kuwa yule aliyelazimika kumwacha mwenzake. Anayejizuia kupenda anapunguza idadi ya watu wa kuwatafuta siku ya kukimbia.

Kuna pingamizi mbili ambazo hatuna budi kuzijibu. Ya kwanza ni kwamba vita huwaunganisha watu pia, na ndoa nyingi za Goma zimedumu katika misiba yote tuliyoitaja. Ni kweli. Hatudai kwamba mkataba na makazi vinaamua kila kitu. Tunadai kwamba vinaufanya udumifu uwe wa gharama kubwa, na wanaoulipa wanastahili kuhesabiwa kuwa mashujaa, wala wasitumiwe kama fimbo ya kuwapigia wengine. Pingamizi ya pili ni simu. Simu imerahisisha kuanza na kuacha, hilo halina ubishi. Lakini Mei 2021, watu walipotawanyika Sake, Rubavu, Minova na Rutshuru, ilikuwa simu hiyohiyo iliyowakutanisha mume na mke waliopotezana barabarani. Chombo hufuata mkono unaokishika.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba uhusiano usiodumu una historia ndefu katika eneo letu, na kwamba historia hiyo ni ya kazi, makazi na sheria kabla haijawa ya tabia. Nairobi ilizaa mapenzi ya kipande kwa sababu ilimlipa mtu mmoja. Katanga ilizaa fundisho la mapendo kwa sababu, kwa faida yake yenyewe, iliipa familia nyumba. Usumbura ilitufundisha kwamba ofisi inaweza kumgeuza mke kuwa mpita njia kwa kumbadilishia jina.

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo mawili. La kwanza ni la kisheria: wanaokaa pamoja kwa muda mrefu nchini mwetu watambuliwe kwa namna fulani, ili mwanamke asipoteze kila kitu siku mwanamume anapokufa au kutoweka. Mfano wa Tanzania uko karibu na unafaa kuchunguzwa. La pili linatuhusu sisi wa idara za lugha. Maneno ya Jamaa, uzima, uzazi na mapendo, yalitungwa kwa Kiswahili cha Kongo na watu wa kazi ngumu, na hayana budi kufundishwa pamoja na tungo za pwani. Mwanafunzi anayeambiwa kila siku kwamba kizazi chake hakijui kupenda afahamu kwamba katika lugha yake mwenyewe yamo maneno ya kumwambia mwenzake mawazo ya ndani, na kwamba waliyatumia watu ambao nao hawakuwa na hakika ya kesho.

Anayekaa bila kutaja muda hajakataa kudumu. Anangoja mahali pa kuketi.